Mawimbi, mitetemo, sauti na mwanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya sikuyatunga. Ndiyo yanayorudi kila muhula darasani, na mengine hunifuata hadi barazani, hasa usiku wa mvua umeme ukikatika na kila mtu akageuka mtaalamu wa radi. Nimeyapa namba ili jibu moja likuelekeze kwenye jingine, nisirudie. Anza popote upendapo, ila swali la 1 usiliruke.

## Misingi

1. Wimbi ni nini hasa?

Ni msukosuko unaosafiri. Kitu kinatikisika, kinakitikisa kilicho jirani, nacho kinakitikisa kinachofuata. Habari inafika mbali, lakini walioipeleka wamebaki palepale.

Nenda ufukweni siku isiyo na upepo mwingi, utafute kifuu kinachoelea nje kidogo ya pale mawimbi yanapovunjika. Kikodolee macho dakika nzima. Wimbi likija, kinapanda na kusogea mbele kidogo. Likipita, kinashuka na kurudi nyuma. Mawimbi kumi yameshakwenda pwani na kifuu bado kiko karibu na pale ulipokikuta. Ukiona kinaondoka moja kwa moja, kinachokichukua ni mkondo au upepo. Kilichopita chini yake ni nishati, na ndiyo hiyo inayokupiga mwereka ukisimama kwenye maji ya kiunoni.

2. Mtetemo na wimbi vinatofautianaje?

Mtetemo ni kwenda na kurudi kwa kitu mahali pake. Uzi wa udi ukichezwa, huo ni mtetemo. Hewa iliyouzunguka ikiupokea mtetemo ule na kuufikisha sikioni kwako, hilo ni wimbi.

3. Masafa, urefu wa wimbi, kimo: kipi ni kipi?

Kimo ni umbali wa mgongo wa wimbi kutoka usawa wa maji yaliyotulia. Wengi hupima kutoka bondeni, wakapata mara mbili yake. Urefu wa wimbi ni kutoka mgongo mmoja hadi mwingine. Masafa ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, na kipimo chake, hezi, kinatokana na Heinrich Hertz, Mjerumani aliyeyathibitisha mawimbi ya redio mwishoni mwa miaka ya 1880.

Neno masafa huwaponza wanafunzi, nami siwalaumu. Mtaani masafa ni umbali: basi la masafa marefu. Redio za zamani zikazidisha mkanganyiko, maana "masafa mafupi" ya idhaa za nje yalimaanisha wimbi fupi. Waliokuwa wakizungusha kitufe usiku kutafuta "bendi ya mita 31" walikuwa wakitaja urefu wa wimbi. Masafa yake kwa maana ya fizikia ni megahezi 9.7 hivi.

Kinachoviunganisha ni hesabu moja tu: kasi ni masafa mara urefu wa wimbi. Mawimbi ya redio huenda mita milioni 300 kwa sekunde. Kituo cha FM cha megahezi 100 basi kina wimbi la mita 3. Robo yake ni sentimita 75, na ukipima ile antena ya fimbo ya magari ya zamani utakuta ni kama hapohapo.

4. Je, mawimbi yote hutikisika kwa namna moja?

Hapana. Funga kamba mlangoni, uitikise juu na chini: wimbi linaelekea mlangoni, kamba inakwenda juu na chini, yaani inakingama na safari ya wimbi. Mwanga uko kundi hili. Sasa fikiria foleni ya watu waliobanana. Wa nyuma akisukuma, msukumo unafika mbele kwa kubana na kuachia, kila mtu akiyumba kwenye mstari uleule wa safari. Hiyo ndiyo sauti hewani. Maji ya bahari huchanganya yote mawili, na ndiyo maana kifuu cha swali la 1 huzunguka kama gurudumu badala ya kupanda na kushuka tu.

Tetemeko la ardhi hutoa aina zote mbili kwa mpigo. La Kagera la 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, halikuwa tofauti. Wimbi la kubana hukimbia kama kilomita 6 kwa sekunde katika miamba ya juu, lile la kukingama kama 3.5. Ukiwa kilomita 60 kutoka chanzo, la kwanza linakufikia baada ya sekunde 10, la pili baada ya 17. Unasikia kishindo kidogo, halafu zile sekunde 7, halafu nyumba inayumba.

## Bahari

5. Maji kupwa na kujaa nayo ni mawimbi?

Ni wimbi, tena refu ajabu: mgongo wake hurudi baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, na wanaolivuta ni mwezi na jua. Wakivuta kwa mstari mmoja tunapata bamvu, yaani maji yanayojaa na kupwa sana. Wakivutana kwa pembe mraba, maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo. Mawimbi ya kawaida unayoyaona yamezaliwa na upepo, mengine mbali sana. Ndiyo maana bahari inaweza kuchafuka hata pale kwenu kukiwa shwari.

6. Tsunami ya 2004 ilitokea Sumatra. Ilifikaje huku?

Tsunami huanza pale sakafu ya bahari inaponyanyuka ghafla na kuyasukuma maji yote, kutoka chini hadi juu. Wimbi la namna hiyo kasi yake hutegemea kina: chukua kina kwa mita, zidisha kwa 9.8, tafuta kipeuo cha pili. Kwenye kina cha mita 4,000 unapata karibu mita 200 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 700 kwa saa, mwendo wa ndege ya abiria. Tarehe 26 Desemba 2004 wimbi hilo lilivuka Bahari ya Hindi na kufika Somalia baada ya muda wa saa 7 hivi, likashuka pia Kenya na Tanzania. Watu walikufa katika nchi zote tatu, wengi zaidi Somalia.

Katikati ya bahari halifiki hata mita moja ya kimo, na limetandazwa kwa makumi hadi mamia ya kilomita. Mvuvi aliye huko halihisi. Likikaribia pwani kina kinapungua, sehemu ya mbele inapunguza mwendo, ya nyuma inaendelea kuja, na maji hayana pa kwenda ila juu. Mara nyingi bonde hutangulia mgongo. Ukiona bahari inakupwa haraka wakati si wake, usiende kuokota samaki waliobaki mchangani. Panda mahali pa juu.

## Sauti

7. Je, kila sauti hutokana na kitu kinachotetemeka?

Ndiyo. Weka vidole kooni useme "mmm". Ukitaka kushangaa zaidi, funga kijiko cha chuma katikati ya uzi wa urefu wa mkono, zungushia ncha mbili za uzi kwenye vidole vya shahada, uvitie masikioni, kisha uinamishe kichwa kijiko kigonge meza. Anayekutazama anasikia "ti" hafifu. Wewe unasikia kengele kubwa, nzito, inayochukua sekunde kadhaa kufa. Kijiko kilitoa sauti ileile. Uzi umekufikishia sehemu kubwa ambayo hewa ingeitawanya.

8. Kwa nini naona umeme kwanza, ngurumo baadaye?

Vyote vimetoka pamoja. Mwanga unakufikia papo hapo kwa macho ya binadamu, sauti inatambaa mita 340 hivi kwa sekunde. Hesabu sekunde kati ya mwako na ngurumo, gawanya kwa 3, utapata kilomita. Sekunde 30 ni kilomita 10, na kuanzia hapo kushuka chini usikae uwanjani wala chini ya mwembe.

9. Sauti huenda kasi zaidi wapi?

Hewani kwenye nyuzi joto 20 ni mita 343 kwa sekunde, majini kama 1,480, kwenye chuma zaidi ya 5,000. Wengi hudhani ni kwa sababu chuma ni kizito. Uzito kwa kweli huchelewesha. Kinachoharakisha ni ukakamavu, na chuma hukataa kubanwa kuliko maji, maji kuliko hewa. Kwenye ombwe, yaani mahali pasipo na kitu hata hewa, sauti haipo kabisa.

10. Kwa nini mwangwi husikika sehemu nyingine tu?

Sikio haliwezi kutenganisha sauti mbili zilizopishana chini ya sehemu ya kumi ya sekunde hivi. Sauti ikienda na kurudi kwa muda huo imetembea mita 34, kwa hiyo ukuta uwe angalau mita 17 kutoka ulipo. Ukumbi mtupu hunguruma kwa kuwa sauti inarudishwa na kila ukuta. Ujaze watu na nguo zao, unatulia.

11. Sauti kubwa na sauti nene si kitu kimoja?

Hata kidogo. Ukubwa ni kimo cha wimbi, unene ni masafa madogo. Mbu ana sauti nyembamba na ndogo, lori lina nene na kubwa. Sikio zima la kijana husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000, na upande wa juu huanza kupungua kadiri miaka inavyokwenda. Tembo huwasiliana chini ya 20, popo huwinda juu ya 20,000. Kelele zao zimetujaa pande zote nasi tunasema usiku umetulia.

Ukubwa hupimwa kwa desibeli, na hapa ndipo watu hukosea: desibeli 10 zaidi ni nishati mara 10, na 20 zaidi ni mara 100. Saa 8 za kazi kwenye desibeli 85 ndio mpaka unaotumika sana kulinda masikio. Kila 3 zikiongezeka nishati inakuwa maradufu, basi gawanya muda kwa mbili. Mafundi wa mashine za kusaga wanaokaa bila kuziba masikio, hesabu hiyo inawahusu.

12. Muziki wa harusi ya mtaa wa pili, mbona nasikia besi tu?

Besi ya hezi 50 ina wimbi la karibu mita 7. Wimbi refu hivyo huizunguka nyumba kama bahari inavyozunguka nguzo ya gati, na huusukuma ukuta mzima kwa pamoja. Sehemu nyembamba za sauti ya mwimbaji, tuseme hezi 3,000, zina wimbi la sentimita 11: zinagonga ukuta na kurudi, au zinanywewa na mapazia. Kuegemeza godoro dirishani huondoa maneno ya wimbo na kukuachia mdundo. Nimejaribu, nikalala saa tisa.

13. Kwa nini adhana ya alfajiri hufika mbali kuliko ya adhuhuri?

Utulivu ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni joto. Mchana ardhi imepata moto, hewa ya chini ina joto kuliko ya juu. Sauti hukimbia zaidi kwenye hewa ya joto, basi sehemu ya chini ya wimbi inaitangulia ya juu na wimbi zima linapinda kuelekea angani, linatupita juu ya vichwa. Usiku usio na mawingu ardhi hupoa, mambo yanageuka, na wimbi linapinda kurudi chini. Ndiyo maana ngoma ya kijiji cha ng'ambo huijui mchana, na usiku unaweza hata kuifuatisha.

14. Sauti yangu kwenye rekodi ni ya nani?

Ni yako, na ndiyo wanayoisikia wenzako. Ukiongea, wewe hujisikia kwa njia mbili: hewani na kupitia mifupa ya kichwa, na mifupa huongeza unene. Rekodi haina mifupa yako.

15. Kwa nini honi ya gari hubadilika likinipita?

Gari likija, kila mgongo wa wimbi unatolewa karibu zaidi nawe kuliko uliotangulia, basi inabanana na sauti inakuwa nyembamba. Likiondoka, inaachana na sauti inazama. Christian Doppler wa Austria aliieleza mwaka 1842. Mwaka 1845 mwanasayansi Buys Ballot aliijaribu karibu na Utrecht, Uholanzi, kwa kuwapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni na kuwaweka wanamuziki wenye masikio makali kando ya reli. Kati ya majaribio yote ya fizikia, hilo ndilo ningependa kulihudhuria.

16. Kwa nini mjamzito hupakwa jeli kwenye ultrasaundi?

Kifaa hutuma sauti ya mamilioni ya hezi na kusikiliza mwangwi wake (swali la 10, kwa kipimo kidogo). Tatizo ni kwamba sauti ikitoka kwenye hewa kuingia mwilini karibu yote hurudi, kwa kuwa vitu hivyo viwili havilingani kabisa. Tabaka jembamba la hewa juu ya ngozi lingetosha kuifanya picha kiza. Jeli huifukuza hewa hiyo. Haina dawa yoyote ndani.

## Mwanga

17. Kama angani hakuna hewa, mwanga wa jua unatikisa nini?

Hili liliwasumbua wakubwa kabla yetu. Walidhani lazima kuna kitu kimejaa angani, wakakiita etha. Mwaka 1887 Michelson na Morley, huko Marekani, waliutafuta upepo wa etha hiyo kwa kifaa chenye uwezo wa kuuona, wasiupate. Kinachotikisika ni nguvu za umeme na sumaku zenyewe: ya umeme ikibadilika inazaa ya sumaku, ya sumaku ikibadilika inazaa ya umeme, zinasukumana hivyo bila kuhitaji wa kuzibeba. Kwa kasi ya kilomita 299,792 kwa sekunde, mwanga wa jua hutufikia kwa dakika 8 na sekunde 20 hivi.

18. Kwa nini mbingu ni buluu na jua la machweo jekundu?

Rangi ni urefu wa wimbi: nyekundu karibu nanomita (sehemu za bilioni za mita) 700, buluu 450, zambarau karibu 400. Molekuli za hewa hutawanya mawimbi mafupi zaidi sana kuliko marefu, buluu karibu mara sita ya nyekundu. Buluu iliyotawanywa inakujia kutoka kila upande. Jioni mwanga unapita kwenye hewa nyingi zaidi kabla ya kukufikia, buluu imeshamwagwa njiani, unabaki na wekundu. Mbona si zambarau? Jua hutoa zambarau kidogo kuliko buluu, na macho yetu huiona kwa shida.

19. Kasia majini huonekana limevunjika, na barabarani huonekana maji yasiyokuwepo. Ni jambo moja?

Ni mamoja: mwanga hubadili kasi na kupinda. Majini kasi yake ni robo tatu ya ile ya hewani, na ukitazama kutoka juu, samaki aliye kina cha mita 1 huonekana yuko sentimita 75. Anayerusha mkuki kutoka kwenye mtumbwi hajasoma hesabu hii, lakini hulenga chini ya pale anapomwona.

Mazigazi ya barabarani ni sauti ya adhuhuri ya swali la 13, kwa mwanga. Hewa inayogusa lami ina moto na ni nyepesi, mwanga huenda kasi kidogo zaidi humo, basi ule uliokuwa ukishuka kutoka mbinguni unapinda na kupanda jichoni pako. Lile dimbwi ni kipande cha anga.

20. Sauti hukata kona. Mwanga mbona haukati?

Hukata, ila kidogo mno. Wimbi huzunguka vizuri kitu kinacholingana nalo. Sauti ya mita nzima kwa mlango wa mita moja ni saizi yake. Wimbi la mwanga huingia mara elfu mbili hivi katika milimita moja. Tazama taa ya mbali usiku kupitia kitambaa chembamba cha mwavuli, utaona imetoa vidoa pembeni. Hapo mwanga umekata kona za nyuzi.

21. Mawimbi ya simu ni mionzi. Je, yanadhuru?

Hata mwanga wa koroboi ni mionzi. Neno limepakwa matope kupita kiasi. Kinachotenganisha ni masafa. Eksirei na gama zina masafa makubwa ya kutosha kuvunja vifungo vya molekuli, na urujuanimno (ultraviolet) wa jua huanza kazi hiyo. Mawimbi ya simu yako chini hata ya mwanga unaoonekana, na athari yake iliyothibitishwa ni kupasha joto kidogo. Mwaka 2011 kitengo cha saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliyaweka kundi la "huenda yakasababisha saratani", kwa ushahidi uliokuwa haba. Mimi simu naitumia, na jua la saa saba naliogopa zaidi.

## Mambo ya ukingoni

22. Sauti mbili zinaweza kuzaa ukimya?

Zinaweza. Mgongo wa moja ukikutana na bonde la nyingine, hewa haijui iende wapi, inatulia. Vipo vipokea sauti vya masikioni vyenye mikrofoni inayosikiliza kelele ya nje na kutoa kinyume chake. Hufanya vizuri kwa mngurumo wa ndege, vibaya kwa mtoto anayelia ghafla. Mwanga nao hufutana hivyo: rangi za mafuta ya dizeli juu ya dimbwi gereji ni mwanga ulioakisiwa na uso wa juu wa mafuta kukutana na ulioakisiwa na uso wa chini, rangi nyingine zikifutika na nyingine zikiongezeka.

23. Ni kweli askari wanaweza kuvunja daraja kwa hatua?

Kila kitu kina mdundo wake. Ukikisukuma kwa mdundo huo, kama bembea, misukumo midogo hujumlika. Maji ya ndoo nayo yana mdundo, na ukikaribiana na wa hatua yanamwagika. Ndiyo maana mwenye kujua huweka majani juu ya ndoo kabla ya kujitwika: majani yanaila ile nishati kabla haijajumlika.

Mwaka 1850 daraja la Angers, Ufaransa, lilianguka na kikosi cha askari, zaidi ya 200 wakafa. Hatua zao zilichangia, lakini palikuwa na dhoruba na nyaya zilizoliwa na kutu. Daraja la Tacoma, Marekani, la 1940, ambalo kila mwalimu hulitaja, halikuvunjwa kwa namna ya bembea: upepo ule haukuwa na mdundo wowote, kujipinda kwa daraja lenyewe ndiko kulikouvuna. Mfano mzuri zaidi ni daraja la waenda kwa miguu la London lililofunguliwa Juni 2000 na kufungwa baada ya siku mbili. Liliyumba kidogo, watu wakarekebisha hatua wasianguke, na marekebisho yao yakaangukia mdundo uleule.

24. Ni sauti gani iliyosikika mbali zaidi?

Mlipuko wa Krakatoa, kati ya Java na Sumatra, tarehe 27 Agosti 1883. Katika kisiwa cha Rodrigues, kilomita 4,800 kuvuka Bahari ya Hindi, mkuu wa polisi aliandika kwamba imesikika milio kama ya mizinga ya mbali kutoka mashariki. Kwa kasi ya swali la 9, mlio ulikuwa na karibu saa 4 tangu utoke. Baada ya hapo hakuna sikio lililousikia tena, lakini vipimo vya kanieneo (mgandamizo) ya hewa katika miji mbalimbali ya dunia viliendelea kuruka kidogo kila wimbi lilipopita, kwa siku tano.